Anayejenga kwa Mkono Naye Ana Meneja wa Pakeji

Hoja mmeisikia. Imerudiwa mara nyingi kiasi cha kudhaniwa kuwa imekwisha kuthibitishwa: anayetaka Linux yenye eneokazi kamili, yaani madirisha, fonti, aikoni na vyote, aiache distro na meneja wake wa pakeji, ashushe msimbo chanzo, ajenge kila kitu mwenyewe na mategemeo ayatatue kwa mkono, moja baada ya jingine. Nimezisoma hoja za upande huo kwa utulivu. Nimejenga Xfce kwa njia hiyohiyo wanayoisifu, tangu maktaba za X hadi dirisha la kwanza lilipofunguka. Sipingi kujenga kutoka chanzo. Ninachopinga ni sababu zinazotolewa, kwa kuwa karibu kila moja inaivunja nyingine. Wasomaji, ninyi ndio waamuzi. Nitaitaja kila hoja kama wenyewe wanavyoitaja, kisha mpime.

Wanaanza na methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Maana yake kwao ni kwamba anayengoja distro imwandalie pakeji amejifunga kwenye uamuzi wa wengine, na anayejenga mwenyewe yuko huru. Basi tumfuate huyo aliye huru tangu hatua ya kwanza. Wengi wao hufuata kitabu cha Linux From Scratch, mradi alioanzisha Gerard Beekmans mwaka 1999, na mwendelezo wake, Beyond Linux From Scratch, ndio unaofika kwenye eneokazi. Kabla ya amri ya kwanza, kitabu kinataka uwe na Linux nyingine inayofanya kazi, yenye kompaila tayari. Kompaila hiyo imetoka kwenye distro. Akifika kwenye librsvg, maktaba inayochora aikoni za SVG, atahitaji Rust. Kompaila ya Rust imeandikwa kwa Rust, na ujenzi wake wa kawaida huanza kwa kushusha toleo lililotangulia likiwa limekwisha kompailiwa na watu wengine. Mpangilio nao, pakeji ipi ije kabla ya ipi, ameuchukua kwenye kurasa za kitabu, ambamo wahariri wameandika mategemeo ya lazima, yanayopendekezwa na ya hiari kwa kila pakeji. Sasa amueni: orodha ya pakeji na mategemeo yake, inayotunzwa na wengine na kusahihishwa kila matoleo yanapobadilika, ni kitu gani? Ndicho kiini cha meneja wa pakeji. Kwenye distro orodha hiyo husomwa na programu, na hapa inasomwa na mtu. Utegemezi haujaondoka.

Wapo walioichukulia hoja ya uhuru kwa uzito wake wote. Mwaka 2023 watu wa Guix walitangaza ngazi ya ujenzi inayoanzia kwenye mbegu ya baiti 357 na kupanda, chanzo juu ya chanzo, hadi kompaila kamili. Hivyo walikaribia sana kutotegemea kilichokompailiwa na mwingine. Nao walifanikiwa kwa kuandika kila tegemeo la kila hatua ndani ya Guix, ambayo yenyewe ni meneja wa pakeji.

Hoja ya pili ni ya kiufundi, na ndiyo inayopotosha wengi. Mategemeo, wanasema, ni mti. Shuka kwenye matawi hadi mizizini, jenga mizizi kwanza, kisha panda. Amri ikigoma kwa kukosa maktaba fulani, jenga maktaba hiyo, rudi, endelea. Ujumbe wa kosa, kwa maelezo yao, ndio mwalimu pekee unayemhitaji.

Kwa Xfce yenyewe maelezo hayo yanatosha: libxfce4util, kisha xfconf, kisha libxfce4ui, kisha exo na garcon, halafu paneli, Thunar, xfwm4 na xfce4-session. Njia imenyooka. Lakini Xfce imekaa juu ya GTK, na chini ya GTK hakuna mti. Kwa miaka mingi FreeType, inayochora maumbo ya herufi, imeitumia HarfBuzz kuboresha uchoraji wake. Na HarfBuzz, inayopanga herufi zikae na kuungana ipasavyo, imeitumia FreeType kusoma fonti. Ipi itangulie? FreeType hujengwa mara mbili: kwanza bila HarfBuzz, kisha inakuja HarfBuzz, kisha FreeType tena. Na HarfBuzz si pambo. Bila upangaji wa aina hiyo, hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwayo kwa karne nyingi, haiungani kwenye skrini.

Ukidhani hilo ni ajali ya fonti, nenda kwenye GLib, iliyo chini kabisa ya jengo. Tangu toleo la 2.80 la mwaka 2024, GLib inahitaji zana za gobject-introspection ili itengeneze maelezo ya violesura vyake yanayosomwa na lugha kama Python. Nayo gobject-introspection haijengeki bila GLib. Kwa hiyo GLib hujengwa maelezo hayo yakiwa yamezimwa, hufuata gobject-introspection, kisha GLib hurudiwa. Mesa na libva, upande wa picha na video, zimekuwa na mzunguko wa namna hiyohiyo: libva bila msaada wa OpenGL, halafu Mesa, halafu libva tena.

Huu ni mtandao wenye mizunguko, na mzunguko hautatuliwi kwa kushuka hadi mwisho kwa sababu hauna mwisho. Unatatuliwa kwa kujua ni kipengele gani kizimwe katika duru ya kwanza na kiwashwe katika duru ya pili. Maarifa hayo hayamo kwenye ujumbe wa kosa. Ujumbe utasema GLib haipo. Hausemi kwamba ipo njia ya kuijenga nusu, kusonga mbele na kuirudia. Tena liko jambo zito kuliko hilo. FreeType ikijengwa bila HarfBuzz, ujenzi unafaulu kimya. Anayefuata kanuni ya kujenga hadi pasiwe na kinachogoma hatarudi kamwe, kwa maana hakuna kilichogoma. Mwalimu wao amenyamaza mahali pale ambapo somo lilihitajika.

Hapo tunaingia kwenye hoja ya tatu: jenga ya lazima tu, kwani ya hiari ni mzigo ambao distro humbebesha kila mtu. Wana sehemu ya ukweli. Distro huhudumia watu wa kila aina, hivyo huwasha vipengele vingi ambavyo wewe hutavigusa. Kosa lao liko kwenye neno hiari. Katika lugha ya ujenzi, tegemeo la hiari maana yake ni kwamba msimbo utakompailika bila hilo. Haina maana kwamba eneokazi litafanya kazi bila hilo.

Chukua Thunar, programu ya kushughulikia mafaili. Ijenge bila gvfs. Itafunguka na utaziona folda zako. Jaribu kutupa faili: hakuna pipa la taka. Fungua kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao wa ofisi: haipatikani. Kazi hizo Thunar huzipata kwa gvfs wakati wa kuendeshwa. Kompaila haikuitafuta, na amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo programu imeunganishwa nazo, haitaitaja. Mimi nilipojenga mara ya kwanza, paneli ilikuja na nafasi tupu mahali pa aikoni. Nilitafuta kosa ndani ya Xfce siku nzima. Kumbe librsvg haikuwepo, hivyo gdk-pixbuf haikuwa na kisomaji cha SVG, na GTK haikulalamika kwa namna iliyonielekeza huko. Ilikuwa pakeji niliyoiruka kwa sababu orodha ilisema inapendekezwa tu.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na hapa madai yao ya kuchagua kila kitu yanaanguka kabisa. Skripti nyingi za configure, na Meson pia pale chaguo linapoachwa lijiamulie, huchungulia kilichopo kwenye mashine na kuwasha vipengele bila kuuliza. Tumbler, inayotengeneza picha ndogo za mafaili, ikiikuta poppler itajenga sehemu ya PDF, na isipoikuta itaiacha. Kwa hiyo watu wawili wenye orodha moja, matoleo yaleyale na amri zilezile wanaweza kupata maeneokazi mawili tofauti, kwa sababu mmoja alijenga poppler kabla ya Tumbler na mwenzake baada yake. Nani alichagua? Mpangilio wa siku ndio uliochagua. Watu wa Gentoo, distro inayojengwa kutoka chanzo, wamekwisha kuhesabu tabia hii kuwa kasoro, na pakeji zao hutakiwa kutamka wazi kipengele kipi kimewashwa na kipi kimezimwa. Nix, zana ya kusimamia pakeji ambayo Eelco Dolstra aliifafanua katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2006 huko Utrecht, huenda mbali zaidi: pakeji hujengwa ndani ya chumba kilichotengwa, na kisichotamkwa kuwa tegemeo hakionekani humo, hata kama kipo kwenye diski. Udhibiti wanaoudai wajenzi wa mkono unapatikana kwa hakika kwenye zana wanazozikataa.

Wengine hushauri kuzima hata tafsiri, kwa chaguo la --disable-nls, ili kupunguza mategemeo. Programu iliyojengwa hivyo haitazungumza lugha yoyote ila ile aliyoiandikia mwandishi wake. Sioni kwa nini mtumiaji wa Kiswahili ashauriwe kulianzia hapo punguzo lake.

Hoja kwamba distro ndizo zilizoleta vurugu kwa kukatakata programu vipande vidogo haihitaji muda mrefu. X.Org wenyewe ndio waliolivunja jengo lao moja kubwa kuwa pakeji nyingi, katika X11R7.0, Desemba 2005. KDE wenyewe ndio waliozigawa maktaba zao kuwa zaidi ya 50 mwaka 2014, na wakazipanga kwa ngazi ili ijulikane ipi inaruhusiwa kuitegemea ipi. Vipande vilikatwa kwenye chanzo, na anayejenga kutoka chanzo ndiye wa kwanza kukutana navyo.

Kisha wanadai kwamba binadamu hutatua mategemeo vizuri kuliko programu. Ushahidi wao ni huu: apt ilikataa pakeji mbili zisikae pamoja, wao wakazijenga zote mbili na zikakubali. Mwaka 2006 watafiti wa mradi wa EDOS wa Ulaya walionyesha kwamba swali la kama pakeji fulani inaweza kusakinishwa, kwa masharti yote ya mategemeo na migongano, ni la kundi la NP-kamili, yaani matatizo ambayo hakuna njia ya haraka inayojulikana kufaa kwa kila hali. Ndiyo maana openSUSE 11.0, mwaka 2008, ilikabidhi kazi hiyo kwa kitatuzi cha mantiki kilichojengwa kwa ajili ya matatizo ya aina hiyo, na kwa kawaida majibu hupatikana kwa sekunde. Meneja anapokataa, anakataa kwa sababu bado anayashika masharti. Mjenzi wa mkono anafaulu kwa sababu ameyaachia. Mfano wa wazi ni libpng. Namba ndani ya jina la maktaba, libpng12 ikawa libpng14, ni tamko la mwandishi kwamba programu za zamani zisiitumie hii mpya. Fundi wa mkono hutengeneza kiungo chenye jina la zamani akakielekeza kwenye faili jipya, na programu inafunguka. Ikigusa picha ya kwanza, libpng inalinganisha matoleo na kukataa. Tatizo lilihamishwa kutoka siku ya kusakinisha hadi siku ya kazi, na likaitwa suluhisho.

Hoja yao inayogusa wengi ni ya usalama: anayejenga mwenyewe ameuona msimbo, na anayepokea kilichokwisha kompailiwa hajui kilichomo. Hii naipima kwa tukio moja ambalo sote tunalijua. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yana mlango wa nyuma. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hila yenyewe ilikuwa imefichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na skripti ya kuiamsha, build-to-host.m4, ilikuwemo kwenye faili la toleo linaloshushwa lakini haikuwemo kwenye hazina ya git. Aliyesoma msimbo hadharani hakuiona. Kushusha faili la toleo, kulifungua na kuendesha configure, hatua zilezile zinazofundishwa kuwa ndizo salama, ndizo zilizokuwa njia ya hila kupita.

Wana jibu, nami nalitaja kwa haki. Skripti ile ilikagua kama ujenzi ni wa pakeji za Debian au RPM kwenye x86-64, na wengine ikawaacha. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sshd yenyewe haihitaji xz. Debian na baadhi ya distro nyingine ziliiongezea kiraka cha kuzungumza na systemd kupitia libsystemd, na libsystemd ikaja na liblzma ya xz. Hapo distro zilikosea: zilivuta mnyororo mrefu ndani ya programu nyeti kwa ajili ya kazi ndogo, na katika hili nasimama upande wa wakosoaji wao. Lakini hoja iliyo mbele yenu ni kwamba mjenzi wa mkono yuko salama kwa sababu ameona. Aliokoka kwa sababu hakulengwa. Kosa la mnyororo ule lenyewe ni kosa la mategemeo, na lilieleweka upesi kwa sababu mategemeo yalikuwa yameandikwa na kila mtu aliweza kuyafuatilia kutoka sshd hadi liblzma. Kwenye mashine iliyojengwa bila kumbukumbu, mwenyewe angejua toleo la xz aliyo nayo, ndiyo. Ni programu zipi zilijengwa juu yake, kwa chaguo zipi, na zipi zimeimeza ndani yao? Hayo angeanza kuyachimba siku ambayo hapakuwa na muda.

Na hoja yao ya wepesi? Ili kujenga eneokazi jepesi kama Xfce unahitaji Rust kwa ajili ya librsvg, mara nyingi LLVM kwa ajili ya Mesa, Python na Meson, CMake na vingine. Vyote hivyo hubaki kwenye diski yako, na ndivyo vizito kuliko Xfce yenyewe. Distro huvitumia kwenye mashine zake za ujenzi na kukupa matokeo peke yake. Gentoo, jamii inayojua kujenga kutoka chanzo kuliko sisi sote, ilitangaza mwishoni mwa Desemba 2023 kwamba watumiaji wa amd64 na arm64 wanaweza kushusha pakeji nyingi zilizokwisha kompailiwa. Shahidi huyo hakuitwa na upande wangu.

Inabaki hoja isiyosemwa ila iliyomo katika kila wanachoandika: kwamba ukishajenga, umemaliza. Maelezo yao yote huishia pale dirisha la kwanza linapofunguka. Lakini ICU, maktaba ya herufi na lugha za dunia, hutoa toleo kubwa takriban mara mbili kwa mwaka, na kila toleo hubadilisha namba katika jina la maktaba. Ukiipandisha na kuifuta ya zamani, kila kilichounganishwa nayo hakifunguki tena: sehemu ya HarfBuzz inayoitumia, libxml2 kama uliijenga nayo, WebKitGTK, Qt kama uliiwashia. Gentoo huiacha maktaba ya zamani mahali pake hadi wanaoitegemea wajengwe upya, na hukutajia majina yao. Debian huwajenga upya wote kabla hujafikiwa na badiliko. Mjenzi wa mkono ana kumbukumbu yake. Ikiwa hakuandika mwezi Januari kwamba libxml2 ilijengwa na ICU, mwezi Mei hana wa kumuuliza.

Hoja ya mwisho naikubali: kujenga kwa mkono kunafundisha. Kulinifundisha mimi. Nilijua GTK imekaa juu ya nini kwa sababu niliipandisha ngazi kwa ngazi. Ila wasemao hivi wanasema pia kwamba njia hii ni rahisi, yafaa kufuatwa bila kufikiri na haihitaji kumbukumbu, na hayo hayawezi kukaa pamoja na somo. Aliyejifunza anaweza kueleza kwa nini FreeType ilijengwa mara mbili. Kama hawezi kueleza, amenakili tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayeanza ujenzi wake wiki hii ni hili. Usisakinishe moja kwa moja ndani ya /usr. Peleka kila pakeji kwanza kwenye saraka tupu kwa DESTDIR, hifadhi orodha ya mafaili yake, andika kila chaguo ulilowasha na ulilozima kwa jina lake, lisibaki hata moja la kujiamulia, na kila pakeji uliyoijenga mara mbili andika sababu yake. Ukifika kwenye Thunar utakuwa na faili la maandishi lenye pakeji zote na mategemeo yao. Liite meneja wa pakeji, maana ndivyo lilivyo, na anza kulitunza.